Jinsi ya kuchora ukoo wako na kuona ugonjwa wa kurithi ulikopitia

Kwa miaka mitatu nilikuwa na jibu moja kwa mke wangu: "Kwetu hakuna ugonjwa huu." Na ushahidi nilikuwa nao mfukoni.

Binti yetu wa kwanza alikuwa na miezi minane alipolia usiku kucha, habembelezeki. Asubuhi tukaona vidole vya mikono yote miwili vimevimba, ngozi imekaza inang'aa, hata ngumi hawezi kufumba. Akapimwa, akakutwa na selimundu, ile ambayo wengi tunaiita siko seli. Na sisi wazazi tukatolewa damu. Kikaratasi cha mke wangu kikaandikwa "chanya", changu "hasi". Nikakikunja mara nne, nikakitia kwenye pochi, na kila ndugu aliyeuliza nilimpa akisome.

Kikaratasi kile kilikuwa na kosa, na mtu makini angeliona papo hapo. Mtoto mwenye selimundu ya aina ya binti yetu hupata jeni yenye hitilafu kutoka kwa mama na nyingine kutoka kwa baba. Kama kweli mimi sikuwa nayo, basi mtoto hakuwa wangu. Mimi sikuwaza kufika huko, lakini wengine waliwaza, na mke wangu aliisikia minong'ono hiyo akiwa peke yake. Nilikuja kujua baadaye sana mzigo aliokuwa ameubeba. Nimemwomba radhi, naye amenisamehe, ila sijaacha kulifikiria.

Aliyetutoa hapo ni muuguzi mmoja, mama mtu mzima. Alitukalisha mezani, akaweka karatasi tupu na penseli yenye kifutio. "Baba, tuanzie kwako," akaniambia. "Nitajie watoto wote aliowazaa bibi yako mzaa baba. Walio hai na waliotangulia." Haikutimia saa moja tukawa tumemfikia shangazi yangu mkubwa, aliyezika watoto wawili kabla hawajafika miaka mitano. Nyumbani tulikuwa tukiambiwa walikufa kwa "homa ya mifupa". Muuguzi hakusema kitu. Aliweka alama ndogo ya kuuliza pembeni ya kila mmoja, akaendelea kuuliza.

Tangu siku ile nimechora na wazazi wengi wenzangu. Haya ninayoyaandika ndiyo ninayopitia nao, kwa mpangilio huohuo.

Kabla ya kushika penseli

Jua kwanza kinachorithiwa ni nini. Ndani ya seli zetu mna maelekezo yaliyoandikwa kwa vinasaba, na alfabeti yake ina herufi nne tu: A, T, G na C. Nakala tunayopewa na mzazi mmoja ina herufi kama bilioni 3, zimegawanywa kwenye kromosomu 23. Mama anatoa 23, baba 23, mtoto anakuwa na 46. Katika urefu huo wote zimo jeni takriban 20,000 zenye maelekezo ya kutengeneza protini. Mwili huyasoma maelekezo hayo herufi tatutatu, na kila tatu hutaja kiungo kimoja cha protini, kiitwacho asidi amino.

Nikifika hapa huwa naandika sentensi yenye maneno ya herufi tatutatu:

MTU AJE NAO PIA

Badili herufi moja tu, J iwe L: MTU ALE NAO PIA. Bado inasomeka vizuri kabisa, lakini agizo ni jingine. Selimundu ni kosa la namna hii. Kwenye jeni ya beta-globini, ambayo ni sehemu ya himoglobini, protini inayobeba oksijeni ndani ya seli nyekundu za damu, jeni iliyoko kwenye kromosomu ya 11, palipotakiwa kuandikwa GAG pameandikwa GTG. Kwa hiyo mahali pa asidi ya glutamiki panakaa valini. Glutamiki hupatana na maji, valini huyakimbia. Himoglobini ikishatua oksijeni yake, ile valini hutafuta pa kujificha, nayo hujibanza kwenye himoglobini ya jirani. Ya jirani nayo hujibanza kwa inayofuata, mpaka ndani ya seli nyekundu panakuwa na nyuzi ndefu ngumu. Seli iliyokuwa laini ya duara inapinda kama mundu na kukwama kwenye mishipa midogo. Vidole vya binti yangu asubuhi ile vilikuwa ni hilo: damu imeziba njia ndani ya mifupa midogo ya mkono. Seli nyekundu ya kawaida huishi siku kama 120, hii huishi siku 10 hadi 20. Ndiyo maana damu hupungua na macho huwa manjano.

Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake walionyesha kuwa himoglobini ya wagonjwa hawa ina tofauti ya kimaumbile na ya watu wengine, na katika miaka iliyofuata Vernon Ingram akaonyesha kuwa tofauti yenyewe ni asidi amino moja. Nilipoelewa hili nilikaa kimya muda mrefu. Nilikuwa nimelaumu watu, chakula, hata baridi ya usiku, kumbe ni herufi moja.

Turudi kwenye sentensi yetu. Ondoa neno zima, herufi zote tatu: MTU AJE PIA. Kuna kitu kimepungua. Hitilafu inayoongoza kusababisha sistiki faibrosisi, ugonjwa wa kurithi unaoathiri sana mapafu, iko hivi. Herufi tatu zimepotea kwenye jeni ya CFTR, ambayo ilitambuliwa mwaka 1989, na protini inakosa asidi amino moja. Inashindwa kujikunja sawasawa, seli inaiona mbovu na kuivunja kabla haijafika ukutani ilikotakiwa kupitisha chumvi, na makohozi ya mapafuni yanakuwa mazito ya kunata.

Sasa ondoa herufi moja pekee, ile U ya mwanzo, kisha uendelee kusoma tatutatu: MTA JEN AOP IA. Kuanzia hapo hakuna neno linaloeleweka. Kwenye jeni, kosa hili kwa kawaida huleta alama ya "simama" mahali pasipotakiwa, na protini inakatwa njiani.

Liko na kosa la kurudiarudia: MTU AJE AJE AJE AJE AJE NAO PIA. Katika ugonjwa wa Huntington, unaoharibu ubongo polepole, herufi CAG hujirudia kupita kiasi kwenye jeni moja ya kromosomu ya 4. Kwa kawaida marudio huwa chini ya 27. Yakifika 40 au zaidi, mtu akiishi umri wa kutosha ugonjwa humpata, na mara nyingi huanza akiwa kwenye miaka ya 30 au 40, wakati watoto ameshawazaa.

Mambo mawili zaidi kabla ya kuchora. Mabadiliko ya vinasaba yenyewe si balaa: kila mtoto huzaliwa na makumi ya mabadiliko mapya ambayo hata wazazi wake hawana, na karibu yote hayamdhuru. Pia yanayorithiwa ni yale yaliyomo kwenye yai la mama au mbegu ya baba. Mabadiliko yanayotokea kwenye seli za pafu la mvutaji sigara yanaweza kumletea saratani yeye, lakini hayampiti kwenda kwa mtoto.

Kuchora

Chukua karatasi kubwa uilaze kwa upana. Tumia penseli, kwa sababu utafuta mara nyingi. Mwanamume ni mraba, mwanamke ni duara. Waliozaa pamoja waunganishe kwa mstari wa kulala, kisha shusha mstari mpaka kwa watoto wao, uwapange kuanzia mkubwa kushoto hadi mdogo kulia. Aliyeugua, jaza umbo lake lote. Anayebeba jeni bila kuugua, jaza nusu, ila usijaze nusu mpaka kipimo kiwe kimesema. Aliyefariki, mpige mstari wa mshazari na uandike umri aliofia. Mimba iliyoharibika ni pembetatu ndogo. Yule ambaye kwa ajili yake mnachora, mwekee mshale.

Anza na mtoto huyo katikati, chini kidogo. Panda kwa wazazi, shangazi, wajomba, mama wadogo na wakubwa, baba wadogo na wakubwa, kisha mababu na mabibi. Vizazi vitatu vinatosha kuanzia. Chora pande zote mbili kwa urefu uleule, hata kama unaamini upande wako ni safi. Hasa kama unaamini hivyo.

Wazazi wakiwa ndugu wa damu, waunganishe kwa mistari miwili badala ya mmoja. Watoto wa ndugu wawili, yaani mabinamu, huchangia wastani wa moja ya nane ya vinasaba vyao, kwa hiyo ni rahisi zaidi kwao kukutana wakiwa na jeni ileile iliyojificha. Habari hii ni ya thamani kwa daktari. Iulizwe kwa sauti ya kawaida kabisa, bila kushtuka.

Kuuliza ndiyo kazi yenyewe

Hapa ndipo michoro mingi huharibika, na kinachoiharibu ni wema wa lugha yetu. Kwetu dada wa mama ni mama. Mtoto wa baba mdogo ni kaka, na ukimwita binamu anaweza kununa. Kaka wa babu naye ni babu. Mtoto aliyelelewa nyumbani tangu mchanga ni ndugu kama wengine, na ndivyo inavyotakiwa kuwa. Lakini jeni haifuati malezi wala heshima, inafuata yai na mbegu tu. Nimewahi kuchora na mama mmoja aliyenitajia "kaka zangu sita", nikawapanga wote sita kwenye mstari mmoja. Baada ya nusu saa nikaja kujua wawili ndio aliozaliwa nao baba mmoja mama mmoja, watatu ni wa baba mmoja mama mwingine, na mmoja ni mtoto wa mama yake mdogo. Tulifuta karatasi yote. Siku hizi kwa kila jina nauliza kwa upole: "Huyu mmetoka tumbo moja? Na baba ni mmoja?"

Usiulize, "Kwenu kuna ugonjwa wa kurithi?" Kila mtu atajibu hapana, kama nilivyojibu mimi. Uliza kuhusu watu. Nani alikufa mdogo? Alikuwaje siku zake za mwisho? Nani alilazwa mara kwa mara utotoni? Nani alikuwa akiongezewa damu? Wazee hawana majina ya hospitali, lakini wana macho na kumbukumbu, na maelezo yao ukiyasikiliza vizuri yana kila kitu. "Alikuwa akilia mifupa." "Macho yalikuwa ya njano tangu mdogo." "Tumbo lilijaa upande wa kushoto", na hapo fikiria bandama. "Alipooza mkono ghafla naye ni mtoto." Maneno kama hayo yanaelekeza kwenye selimundu. "Aling'olewa jino, damu ikatoka siku tatu" yanaelekeza kwenye himofilia, ugonjwa wa damu kutoganda vizuri. Yaandike jinsi yalivyosemwa, usiyageuze kuwa jina la ugonjwa. Kazi ya kuyatafsiri mwachie daktari.

Wakati mzuri wa kuuliza ni ukiwa na mzee mmoja peke yake. Mbele ya watu wengi, msiba wa zamani huwa haufunguki. Shangazi yangu alikuwa hajawahi kuulizwa habari za wanawe wale kwa zaidi ya miaka 30. Nilipomuuliza alinyamaza kidogo, akaanza na majina yao, halafu akanieleza kila mmoja alivyokuwa akicheza. Yale ya ugonjwa yalikuja mwishoni, nami sikumharakisha.

Na ukikutana na siri ya nani ni baba wa nani, iache palepale. Weka mstari wa vitone kwenye nakala yako, usiionyeshe mtu, na umweleze mtaalamu faraghani ikiwa inahusu kipimo.

Kuusoma mchoro

Ukimaliza, simama, uutazame kwa mbali kama unavyotazama ramani.

Umbo lililojazwa likiwa kwenye kizazi kimoja tu, kwa ndugu wa tumbo moja, wavulana na wasichana, huku wazazi wao ni wazima, basi huenda ni ugonjwa unaohitaji nakala mbili. Mtu mwenye nakala moja mbovu na moja nzima haugui, kwa kuwa ile nzima inatosha kufanya kazi. Ndivyo ilivyo kwa selimundu, sistiki faibrosisi na aina nyingi za ualbino. Jeni ya namna hii inaweza kusafiri vizazi na vizazi bila kuonekana, mpaka wabebaji wawili wakutane. Ya selimundu ina sababu ya ziada ya kudumu: mwaka 1954 Anthony Allison alichapisha matokeo ya utafiti alioufanya Afrika Mashariki, akionyesha kuwa mtoto mwenye nakala moja hupata kinga dhidi ya malaria. Anayebeba nakala moja alikuwa na nafasi nzuri zaidi ya kukua na kuzaa.

Yakishuka moja kwa moja, babu, baba, mtoto, bila kuruka kizazi, fikiria ugonjwa unaotosheka na nakala moja, kama Huntington. Hapo kila mtoto wa mgonjwa ana nafasi ya nusu kwa nusu.

Wakiugua wavulana watupu, nao wameunganishwa na wanawake wazima, yaani mjomba anaumwa, dada yake hana kitu, mtoto wa kiume wa dada anaumwa, basi jeni inaelekea iko kwenye kromosomu X. Mwanamke ana X mbili, moja humsaidia nyingine. Mwanamume anayo moja tu. Mfano unaojulikana kuliko yote ni wa Malkia Victoria wa Uingereza: mwanawe Leopold alikuwa na himofilia, na kupitia mabinti wa malkia ugonjwa ukaingia kwenye familia za kifalme za Urusi na Hispania. Uchunguzi wa mabaki ya familia ya Urusi, uliochapishwa mwaka 2009, ulionyesha kuwa ilikuwa himofilia B. Kuna kanuni moja inayosaidia sana hapa: baba humpa mtoto wa kiume kromosomu Y, si X. Kwa hiyo ukiona ugonjwa umetoka kwa baba kwenda kwa mwanawe wa kiume kupitia yeye mwenyewe, X iondoe kwenye hesabu. Na mabinti wote wa baba mwenye himofilia ni wabebaji, wote bila ubaguzi. Usimpime mmoja mmoja ukidhani huenda mwingine akatoka tofauti. Hapo swali limeshajibiwa na baba yao.

Halafu kuna mchoro ulio mtupu, mtoto mmoja tu amejazwa na nyuma yake hakuna kitu. Hapo watu huanza kutafuta mchawi, nami nawaomba wasubiri. Kuna mabadiliko yanayozaliwa upya, kwenye yai au mbegu ileile iliyomzaa mtoto huyo. Katika akondroplasia, inayosababisha kimo kifupi, takriban watoto 8 kati ya 10 huzaliwa na wazazi wa kimo cha kawaida, na hitilafu yao ya jeni ya FGFR3 ni mpya kabisa. Himofilia nayo, karibu theluthi moja ya familia hazina historia yoyote.

Mchoro unaweza pia kukudanganya. Jeni ya BRCA1 ikiwa na hitilafu humwongezea mwanamke uwezekano mkubwa wa saratani ya matiti na ya ovari, lakini si kila aliye nayo huugua, na mwanamume anaweza kuibeba maisha yake yote akiwa mzima na kumrithisha binti yake. Kina mama wengi huulizwa habari za mama na mabibi wazaa mama peke yao. Uliza na dada za baba.

Hesabu ya kila mimba

Baba na mama wote wakiwa wabebaji wa jeni moja inayohitaji nakala mbili, kila mimba ina uwezekano wa asilimia 25 wa mtoto kuugua, 50 wa kuwa mbebaji kama wao, na 25 wa kutokuwa nayo kabisa. Kila mimba. Nimesikia wazazi wakisema, "Tumeshampata mgonjwa mmoja, kwa hiyo watatu wanaofuata watakuwa salama." Laiti ingekuwa hivyo. Mimba haikumbuki iliyotangulia.

Huwa nawapa sarafu mbili, moja ya baba, nyingine ya mama, warushe pamoja mara ishirini huku wakiandika. Sura ni jeni mbovu, upande wa pili ni nzima. Wakiona sura mbili zimekuja mara tatu mfululizo, au hazikuja kabisa katika marusho kumi, wanaelewa bila mimi kuongeza neno.

Kutoka kwenye hesabu hiyohiyo pata kingine: wabebaji wawili wakizaa watoto wanne, uwezekano wa wote wanne kutokuwa na ugonjwa ni kama asilimia 32, yaani karibu familia moja katika tatu. Ukoo unaweza kubeba jeni hii miaka mia usizike mtoto hata mmoja kwa sababu yake. Lile neno langu la "kwetu hakuna" halikuwa na uzito wowote.

Na kwa ndugu mzima wa mgonjwa: uwezekano wa kuwa mbebaji ni theluthi mbili, si nusu. Kati ya matokeo manne tumeshaondoa lile la kuugua, kwa kuwa tunajua ni mzima. Yamebaki matatu, na mawili kati yake ni ubebaji.

Kuthibitisha kwa kipimo

Mchoro unakuambia nani apimwe na atafutwe nini. Hauwezi kuchukua nafasi ya maabara.

Kwa selimundu, kile kipimo cha haraka kinachojibu "chanya" au "hasi" hakitoshi. Chanya yake haitofautishi mgonjwa na mbebaji. Hasi yake inaweza kuwa ya uongo, kwa mfano dawa ya kupimia ikiwa imepita muda wake. Tena hakioni hitilafu nyingine za himoglobini, kama ile ya C au thalasemia ya beta, ambazo zikikutana na S, yaani himoglobini ya selimundu, ya mzazi mwingine huzaa mtoto mgonjwa. Omba kipimo kinachotenganisha aina za himoglobini na kutoa asilimia ya kila moja, kama elektroforesisi. Jibu langu la pili, lililotoka kwenye mashine ya namna hiyo, lilisema kwa asilimia: A, ile ya kawaida, 59, S 38, na A2, aina ambayo kila mtu mzima huwa nayo kidogo, 3. Maana yake ni AS, mbebaji. Kwa mbebaji wa kawaida A huwa juu ya S. Ukikuta S imeizidi A, au A2 imepita 3.5, uliza maswali zaidi kabla ya kuondoka.

Aliyeongezewa damu asipimwe hivi mpaka ipite miezi mitatu au zaidi, la sivyo mtapima damu ya aliyemchangia. Kama hakuna muda wa kusubiri, kipimo cha vinasaba vyenyewe kitatoa jibu. Na kwa mtoto mchanga, himoglobini nyingi bado ni F, ile ya tumboni, ambayo humlinda. Ndiyo maana binti yetu alionekana mzima miezi yake ya mwanzo. Jibu la mchanga likisomeka FS, yaani F na S bila A, hiyo ni habari kubwa hata kama mtoto ananyonya vizuri na kucheka.

Ukipewa jibu la vinasaba, tafuta neno linaloeleza uzito wa kilichoonekana. Maabara hupanga kwa madaraja matano, kuanzia lisilo na madhara hadi linalosababisha ugonjwa, na katikati kuna daraja la "maana yake haijajulikana". Hilo la katikati si jibu la ugonjwa. Usijaze umbo kwenye mchoro kwa sababu yake, na usifanye uamuzi mkubwa wa maisha juu yake. Rudi uulize baada ya mwaka mmoja au miwili, kwa maana madaraja haya hubadilishwa ushahidi ukiongezeka.

Nilipopata AS yangu nilikitoa kile kikaratasi cha zamani kwenye pochi, nikampa mke wangu akichane mwenyewe. Kisha nikawapigia ndugu zangu mmojammoja, kwa sababu sote wa tumbo moja tulikuwa na nafasi isiyopungua nusu. Wawili walipima. Mdogo wangu wa mwisho akatoka AS, na mchumba wake naye, kwa hiari yake, akapima akatoka AS. Walikaa na mtaalamu wakaelezwa yote, wakaamua kuoana. Huo ni uamuzi wao, na sikumruhusu mtu yeyote kwenye ukoo kuusemea.

Mkewe sasa ana mimba ya miezi saba. Kwenye karatasi yetu nimeshawachorea almasi ndogo, alama ya mtoto ambaye jinsia yake haijajulikana, na sijaijaza kitu. Akizaliwa atachomwa kisigino, tone la damu litakwenda kupimwa. Likirudi FS, ataanzishiwa penisilini akiwa bado hajafikisha miezi miwili au mitatu. Jaribio lililochapishwa mwaka 1986 lilionyesha kuwa dawa hiyo ilipunguza maambukizi makali ya bakteria waitwao nimokoka kwa asilimia 84 kwa watoto wadogo wenye selimundu. Binti yetu aliianza akiwa na miezi tisa. Wanawe shangazi hawakuipata kabisa.